Nukta za banati

Mwaka wa kumi huu nachapa fulana na mikoba hapa Majengo, Mombasa, na muda wote nimetumia emulsheni ya ndoo, ule uji mzito unaoganda ukipigwa na mwanga. Naitia dawa yake ya kuifanya isikie mwanga, naipaka kwenye neti iliyowambwa kwenye fremu, ambayo ndiyo skrini, naikausha gizani, nachoma skrini kwa mwanga mkali ikiwa na mchoro juu yake, naosha ili mahali pa herufi pabaki wazi rangi ipite. Kwa majina ya timu za mpira na nembo za shule haijaniangusha hata siku moja. Kilichonitoa huko, nikajaribu filamu ya kapilari, ni mikoba 80 ya madrasa ya wasichana.

Walitaka neno “banati” kwa hati ya Kiarabu, tena dogo, chini ya jina la madrasa. Aliyesoma chuoni anajua: ba na nun zikiunganishwa ni meno mawili yaliyo sawasawa. Nukta ikiwa chini ni ba, ikiwa juu ni nun. Nilipompelekea maalim mkoba wa kwanza alivaa miwani, akausogeza dirishani. “Mwanangu, nukta ya nun iko wapi?” Ilikuwapo, lakini rangi ilikuwa imetambaa mpaka ikashikana na jino. Nikasikia vibaya sana, maana lile ni neno ambalo watoto wangelibeba begani kila siku.

Emulsheni nyingi, zaidi ya nusu yake ni maji. Maji yakikauka, utando hunywea na kufuata mabonde ya nyuzi za neti, kwa hiyo ukingo wa herufi hubaki na meno kama ya msumeno, na rangi hupenya hapo chini. Unaweza kupaka tena na tena, ukikausha kila mara, mpaka uso usawazike. Nilijaribu. Lakini ilikuwa Mei, mvua haikatiki, na hewa ya Mombasa wakati huo haikaushi hata leso kambani.

Filamu ya kapilari ni emulsheni ile ile, ila imeshapakwa kiwandani juu ya karatasi ya plastiki na kukaushwa, unene wake mmoja kutoka pembe hadi pembe. Niliyonunua ni ya maikroni 40, yaani sehemu 40 za elfu za milimita, kwa neti yangu ya nyuzi 77 kwa sentimita. Unalowesha neti, unaibandika filamu upande utakaogusa kitambaa, na maji yaliyo kwenye neti yanaivuta yenyewe, kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Mara ya kwanza kuona rangi yake ikikoza taratibu kutoka juu kwenda chini, nilisimama tu nikitazama.

Skrini ya kwanza iliharibika. Pembe moja ilibanduka nilipokuwa naosha, na sababu ni mkono wangu: asubuhi ile nilikuwa nimemsuka binti yangu kwa mafuta ya nazi, kisha nikashika neti. Emulsheni ya ndoo huzunguka uzi na kuukamata pande zote, kwa hiyo husamehe kidogo. Filamu inashika kwa juu juu. Sasa nasugua neti kwa dawa ya kutoa mafuta, nasuuza, na siigusi tena. Maji ya mwisho ni yale ya madumu ninayonunua kwa mkokoteni. Ya kisima chetu yana chumvi, siyaamini kwa kazi hii.

Ya pili niliiharakisha. Nilivuta plastiki kabla filamu haijakauka, nayo ikaja na vipande vya filamu. Ya tatu niliiacha usiku kucha mbele ya feni, dirisha limezibwa kwa blanketi. Asubuhi plastiki ilitoka kwa ncha ya kucha, bila kung'ang'ania. Hata hapo niliiongezea nusu saa ya feni kabla ya kuchoma, kwa sababu uso uliokuwa umefunikwa na plastiki bado huwa na ubichi. Kisha, kwa kuwa rangi yangu ni ya maji na hulainisha utando, nilipaka emulsheni nyembamba upande wa ndani, nikakausha tena.

Gharama ni kubwa, sitaficha. Filamu ya fremu moja inanilia pesa ambayo kwa emulsheni ningepaka fremu kadhaa, na mabaki ya kukata hayana kazi nyingi. Kwa fulana za herufi nene sitaitumia. Ndoo yangu iko pale pale.

Maalim alikuja mwenyewe kuchukua mikoba. Alitoa mitatu kutoka katikati ya rundo, akapitisha ncha ya kalamu juu ya kila nukta: moja chini, moja juu, mbili juu. Akaipanga upya bila neno, akaniombea dua, akaondoka nayo kwa tuktuk.

Kimebaki kipande cha filamu kinachotosha mstari mmoja mrefu. Nimekiviringisha kwenye bomba lake, mbali na mwanga na joto. Kuna bibi wa jirani anataka jina la leso kwa hati ya Kiarabu, kama leso za zamani, na jina lenyewe lina nukta kumi na moja.