Muziki chini ya sauti ya mtangazaji

Kipindi cha mazungumzo ya muziki redioni huharibika pale wimbo unapogombania nafasi na mtangazaji. Chagua kipande cha sekunde 20 hadi 30 kinachobeba hoja yenyewe: ukisifia gitaa la besi, tusikie besi, si kiitikio kwa sababu tu kinajulikana. Ukitaka kuzungumza huku wimbo ukiendelea kusikika, shusha muziki kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 15 hivi. Kama kuna mtu anaimba, shusha zaidi au ukate kabisa, maana sikio halifuati maneno ya watu wawili kwa pamoja. Maikrofoni ikae shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, la sivyo "p" na "b" zitapasuka. Na jamani, tajeni jina la wimbo kabla na baada! Aliyewasha redio katikati atalijuaje?