Kipande cha krimu kilichobaki

Jumapili usiku. Kucha zangu bado nyeusi na kesho shule inafunguliwa. Nimezisugua kwa tina, nikazisugua kwa limau, sasa nimezisamehe. Kidato cha nne hawana dogo, watauliza tu kama likizo nzima madam alikuwa anachoma mkaa.

Gari limekwisha kupakwa rangi nyeusi ndani. Tuseme karibu limekwisha.

Nyumbani kwangu ni Arusha, kazini ni Moshi. Jumatatu natoka alfajiri, katikati ya wiki nalala kwa dada yangu, mtaa wa Pasua hukohuko Moshi, Ijumaa jioni narudi. Ni kilomita kama 80. Wanaoishi Moshi na kufanya kazi Arusha wana bahati wasiyoijua: asubuhi jua liko mgongoni, jioni liko mgongoni tena. Mimi ni kinyume. Nikipita Usa River linanichomozea usoni, na Ijumaa nikiiacha Boma Ng'ombe linanisubiri kule mbele upande wa Mlima Meru. Sasa weka juu yake Toyota ndogo ya mwaka 2004 iliyokuja na dashibodi ya krimu, krimu ile ya mtori uliopoa. Jua likiipiga, kioo chote cha mbele kinageuka picha ya dashibodi. Matundu ya hewa, vumbi, risiti ya mafuta, vyote vinaelea barabarani mbele yangu, na nyuma yake kuna bodaboda nisiyoiona vizuri. Asubuhi moja pale Kikatiti nilimwona mzee na ng'ombe wake watatu wakati nimeshakanyaga breki. Mguu uliwaona kabla ya jicho.

Hiyo ndiyo sababu niliyompa mume wangu, na ni ya kweli. Nyingine sikumpa. Pale shuleni walimu wenzangu magari yao ndani ni meusi, yametulia, ya kiutu uzima. Langu ukifungua mlango ni sebule ya bibi, imekosa vitambaa vya makochi tu.

Mara ya kwanza nililipeleka kwa fundi, mwezi wa tatu. "Mama, hii kazi ya siku moja. Jioni unachukua gari jipya." Nikaomba kuona rangi, akanitolea makopo ya kupuliza, nyeusi ya kung'aa. Nikamwambia kung'aa ndiyo shida yenyewe. Akasema usijali, atapuliza kwa mbali. Nikakubali! Tulikuwa tumeshapatana bei, elfu themanini, na mimi nikishapatana bei naona aibu kuanzisha mjadala mwingine.

Wiki ya kwanza nilijiona. Wiki ya pili sehemu ya kuegemeza kiwiko ikaanza kuacha alama kwenye shati jeupe. Wiki ya tatu nikasimamishwa na trafiki baada ya Maji ya Chai. Yeye anasoma leseni, mimi kwa wasiwasi nakwaruza paneli ya mlango kwa ukucha, mara ukatoka utando mzima kama wa maziwa yaliyochemka, upana wa kiganja. Chini yake krimu ileile, safi, inanitazama. Trafiki akaangalia kile kipande kilichokuwa kinaning'inia mkononi mwangu, akanirudishia leseni. "Mwalimu, endesha taratibu." Sijui alijuaje kuwa ni mwalimu. Labda chaki.

Nikarudi kwa fundi. Jibu lake: "Mama, plastiki ya Kijapani ina mafuta." Niliondoka nimenuna. Leo, baada ya kuifanya kazi hiyo kwa mikono yangu, nakiri kwamba alikaribia sana ukweli, ila alipaswa kuniambia kabla ya kupokea hela.

Likizo hii ya Juni nikaamua kulivua gari mwenyewe. Nilichomoa betri, nikatumia mwiko mdogo niliouzungushia kitambaa, nikaanza kubanjua paneli za milango klipu moja baada ya nyingine. Mbili zilivunjika, nikanunua nyingine. Nilipoigeuza paneli ya kwanza, nyuma yake kulikuwa na herufi ndogo zimetokezwa kwenye plastiki yenyewe: >PP<. Nikakaa pale kibarazani nikacheka peke yangu. Miaka 11 nafundisha kemia. PP ni polipropilini, naichora ubaoni kila mwaka, mnyororo mrefu wa kaboni na haidrojeni basi, na kila mwaka nawaambia watoto kwamba haina upande wenye chaji wa kuvutana na kitu kingine. Rangi ikitua juu yake ni kama mgeni aliyekaa ukingoni mwa kiti, yuko tayari kuondoka. Halafu nikageuza kile kipande cha katikati kinachozunguka redio: >ABS<. Hiyo ni plastiki ya aina nyingine, ndani yake ina nitrojeni, rangi inapata pa kushika. Na kweli, pale kwenye redio rangi ya fundi ilikuwa haijabanduka hata kidogo. Ushahidi nimekaa nao tangu mwezi wa tatu, nikiuwashia redio kila siku, wala sikuuona.

Kwa PP kuna praima yake ya plastiki, haina rangi, unaipuliza kwanza ndipo rangi ifuate. Sawa. Lakini kabla ya praima kulikuwa na jambo jingine, na hilo ndilo lililonila siku nne.

Vijana wa kuosha magari. Kila Jumamosi, wakimaliza kuosha, wanapaka dashibodi ile dawa ya kung'arisha yenye harufu ya ndizi, na mimi naongeza elfu tatu kwa furaha. Dawa nyingi za namna hiyo zina silikoni. Rangi ikiangukia penye silikoni inakimbia pembeni na kuacha vitundu vya duara. Maana yake miaka yote hiyo nilikuwa nalipa ili siku nikitaka kupaka rangi isishike. Na msasa hausaidii ukianza nao, unayasugua mafuta yazame kwenye mikwaruzo.

Basi nikaosha. Maji ya moto, sabuni ya vyombo, brashi. Paneli ikaonekana safi kabisa. Nikamwagia maji ya kopo kuijaribu: yakajikunja, yakawa matone ya duara yanateleza, kama kwenye jani la gimbi. Silikoni bado ipo. Nikaosha tena, nikafuta kwa spiriti, kila mara kitambaa kipya, kwa sababu kitambaa cha zamani kinayarudisha yaleyale. Nikamwaga maji. Jani la gimbi, ila limezeeka. Mara ya tatu maji yalitandaa, yakaifunika paneli yote kama karatasi nyembamba, yakakaa. Nilimwita mume wangu aje aone. Akatazama, akasema, "Maji." Nikamwambia arudi tu ndani.

Yeye mchango wake ulikuwa chai na maswali. Kama TRA wanaosajili magari wajulishwe kuhusu rangi? Nikamwonyesha kadi ya gari: imetaja rangi ya bodi, ya ndani hakuna anayeiuliza.

Chini ya konsoli, pale karibu na handbreki, nilikuta sarafu ya njano yenye tundu katikati, maandishi ya Kijapani matupu, hata tarakimu ya thamani hakuna. Yen 5. Kuna mtu huko ilimdondoka akainama kuitafuta, akakata tamaa, na ikavuka bahari hadi bandari ya Dar es Salaam bila kulipiwa ushuru. Nikampa mama, ambaye yuko kwetu tangu Pasaka. Akaigeuzageuza. "Mbona hii ni senti kumi ya mkoloni? Zilikuwa na tundu hivihivi, tunazifunga kwenye uzi." Akaifunga kwenye pindo la kanga, ndiyo nimeiaga.

Kupaka kwenyewe sina mengi. Msasa namba 600 kwa mkono mwepesi, praima, halafu nyeusi isiyong'aa, mipako mitatu membamba. Kosa langu lilikuwa mwezi. Juni ya Arusha unaijua, ukungu unashuka mlimani hadi saa nne, na rangi ya kopo ikiwa na baridi inatoka mabonge. Nikawa naweka makopo kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu kabla ya kupuliza. Vuguvugu, siyo ya moto, kopo linaweza kupasuka. Jirani akachungulia juu ya ua: "Mama, unaogesha pacha?"

Kipande kimoja sikukigusa. Kile kifuniko juu ya dashibodi mbele ya abiria, chenye herufi SRS. Ndani yake kuna mfuko wa hewa, na kifuniko kimetengenezwa kichanike kwenye mstari maalumu, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Sitaki kukiongezea tabaka la rangi lije libadilishe kinavyochanika, au vipande vyake vimrukie mtu machoni. Nilikifunika kwa tepu ya karatasi wakati wa kupuliza, na nilipoibandua kilibaki kile kile, mstatili wa mtori katikati ya weusi wote.

Leo baada ya misa nikamwambia mama twende tujaribu gari, mpaka Tengeru na kurudi. Akakaa mbele, amependeza, mkoba mapajani. Kioo upande wangu hakikuwa tena na picha ya dashibodi, nikaiona barabara yote, hata mashimo niliyozoea kuyakisia. Nikaanza kuimba. Mama akanyoosha kidole.

"Na hapa rangi iliisha?"

"Hapana mama, hapo nimepaacha makusudi. Kuna mfuko wa hewa, tukigonga unafyatuka."

"Unafyatuka kwenda wapi?"

"Kuja kwako. Ndiyo kukukinga."

Akanyamaza. Tulipofika sokoni Tengeru akafungua mkanda, akashuka, nikadhani anataka parachichi. Akafungua mlango wa nyuma, akaketi katikati, akaweka mkoba pembeni.

"Haya, twende."

Kwa hiyo kesho alfajiri nitapita Usa River na kile kipande kikiwa kinaelea kwenye kioo upande wa kushoto, juu ya mtaro.