Ngazi ya 5 Si Alama za Mtihani

Mama mjamzito wa Kondele, Kisumu, akiuliza ajifungulie wapi, jibu la haraka huwa, "Nenda pale, ni ngazi ya 5." Tafadhali tuache ushauri huo. Ngazi za Wizara ya Afya ya Kenya, 2 hadi 6, zinaeleza hospitali imeruhusiwa kutoa huduma zipi. Zahanati ni 2, kituo cha afya ni 3, hospitali ya rufaa ya kaunti kama ile ya Nakuru, ambayo wengi bado wanaiita PGH, jina la zamani la hospitali kuu ya mkoa, ni 5, na Moi ya Eldoret ni 6. Ngazi haisemi mgonjwa anahudumiwa vizuri kiasi gani.

Kinachochanganya zaidi ni cheti cha SafeCare. Nacho kina ngazi 1 hadi 5, ila hiki ndicho kinachopima ubora na usalama wa huduma. Kwa hiyo kituo cha ngazi ya 3 kinaweza kuwa na SafeCare ya 4. Ukikiona cheti hicho ukutani, soma kimetolewa na nani, kisha tarehe.

Leseni ya hospitali itafute mtandaoni kwenye sajili ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari na hospitali. Angalia jina na mahali, kwa sababu leseni ya tawi la mjini haifuniki tawi la Njoro.

Nyota za Google zipite, usome maneno. Lalamiko moja la foleni si kitu. Watu watatu, miezi tofauti, wakisema waliambiwa watafute damu wenyewe, hilo ni jambo zito. Wala usilinganishe idadi ya vifo: hospitali ya rufaa kama Jaramogi Oginga Odinga pale Kisumu, ambayo watu huiita Russia, hupokea wagonjwa waliokwisha kuzidiwa kwingine.

Kisha nenda wodi ya uzazi, umuulize muuguzi. Saa nane usiku, mtu wa nusukaputi yuko hapa au anapigiwa simu nyumbani? Damu iko kwenye friji yenu? Mtoto njiti analazwa hapa au anahamishwa? Upasuaji wa dharura ukiamuliwa, unaanza baada ya muda gani? Kipimo kinachotumika sana ni dakika 30. Muuguzi anayejibu bila kusita, na kukuonyesha friji yenyewe, amekupa habari nyingi kuliko bango lolote la barabarani.

Kabla ya kulipa amana, hakikisha tawi hilohilo lina mkataba na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, kwa huduma hiyohiyo, upasuaji ukiwemo.