Kadi za geti si zote sawa: nilivyozitambua kwa tochi na simu

Ukisikia mtu anasema "kadi ni kadi tu", usimpe hela yako. Mimi nasimamia jengo la kupangisha Sinza, na maneno hayo niliambiwa na muuzaji mmoja Kariakoo huku akinifungia kadi nyeupe za wapangaji wote. Getini zikagoma: taa haiwaki, mlio hakuna. Fundi akaja, akasema mashine ya kusoma kadi imekufa, tubadilishe mfumo mzima. Akataja mamilioni! Nikamuuliza, kama imekufa, mbona kadi za zamani zinafungua? Hakuwa na jibu.

Usiku nikazima taa chumbani, nikaibandika kadi ya zamani juu ya tochi ya simu. Ndani likaonekana duara la waya mwembamba wa shaba, mizunguko mingi imebanana. Kadi mpya ikaonyesha mistari michache tu, imefuata kingo za kadi kwa pembe nne. Nikajua tatizo ni nini. Yenye duara la namna ile kwa kawaida ni ya masafa ya redio ya kilohezi 125, ya pembe nne ni megahezi 13.56, na mashine ya moja haiisikii nyingine. Simu yenye NFC, yaani uwezo wa kusoma kadi kwa kuisogeza karibu, ikanithibitishia: husoma 13.56, basi mpya ikaitambua na ya zamani ikaipita kama plastiki tupu.

Nikarudisha mzigo, nikachukua EM4100, aina ya kadi za kilohezi 125. Na hapa kuna kitu wengi hawakijui. Kadi hizi huchapwa namba mbili, mfano 0008213456 na 125,21456. Ni namba ileile! Zidisha 125 kwa 65,536, jumlisha 21,456, utaona. Kwa hiyo niliwasajili wapangaji wote kwenye kompyuta kwa kuandika namba tu, bila kumwita mtu getini.

Ila EM4100 humtajia namba yake yeyote anayeiuliza, na kakifaa ka bei ndogo kanaiiga kwenye kadi tupu ya T5577, inayoandikika upya. Kwa geti la nje nimeridhika. Ofisi ya chini yenye sefu nilikataa kuiwekea hiyo, hata MIFARE Classic, aina ya kadi za megahezi 13.56, nilikataa, maana usiri wake watafiti walishauvunja tangu 2008. Niliweka DESFire, kadi ya 13.56 yenye usiri imara zaidi, ghali kidogo, na nikambana muuzaji mpaka akanihakikishia kwamba mashine inasoma data iliyofungwa kwa ufunguo, si namba ya chipu peke yake. Ikisoma namba tu, umelipia DESFire bure.