Wengen, kona zinazoitwa kwa walioanguka

Gari tuliliacha bondeni Lauterbrunnen, maana Wengen, kijiji cha milimani Uswisi, haina barabara ya kuifikia. Unapanda treni, basi. Reli yenyewe ni ya tangu 1893, na treni ina gurudumu la meno linalong'ata reli ya katikati ili isirudi kinyumenyume. Ilikuwa Jumamosi ya Januari 2025, siku ya mbio za Lauberhorn za kuteremka mlima kwa skii, na tulibanana kama daladala ya Mbagala jioni, ila hapa kila wa pili alikuwa na kengele ya ng'ombe mkononi. Mimi ni wa Marangu, kwa hiyo nilitaka kujua ng'ombe wenyewe wako wapi.

"Wamefungiwa zizini, wanaletewa majani makavu," shemeji akasema.

Kumbe kama kwetu.

Nje ya dirisha ilisimama Eiger, kisha Mönch, kisha Jungfrau yenye mita 4,158. Nilijikaza nisitaje Kibo. Nikaitaja.

"Najua, shemeji. Mita 5,895. Uliniambia na mwaka jana."

Tulishuka Wengernalp tukafuata umati kwa miguu. Nilikuwa nimevaa raba, kosa langu mwenyewe, na nusu ya njia nilitembea nimeshika mkono wa koti la shemeji kama mtoto anayevushwa barabara. Tulikuwa tunakwenda Hundschopf, maana yake kichwa cha mbwa. Ni mwamba uliochomoza mlimani. Mchezaji anapita kati ya jiwe na wavu, kisha ardhi inamwishia chini ya miguu. Kwenye runinga nilizoea kuona mteremko wa kawaida tu. Nilipochungulia kutoka pembeni nilirudi nyuma hatua mbili.

Theluji ya njia ya mashindano pia si ile ya kwenye kadi za Krismasi. Huimwagia maji igande. Kipande kilichomeguka niligonga kwa kisigino, kikalia kama sakafu ya saruji. Ndiyo maana sauti hufika kabla ya mtu: vyuma vya skii vinakwaruza barafu kama bati linaloburutwa juu ya mawe, halafu kivuli, halafu mgongo wa mtu angani, kisha hayupo. Kengele zinalia, tunageukia skrini kubwa kuona kama bado amesimama.

Na safari bado ndefu. Njia nzima ina karibu kilomita 4.5, hakuna ndefu kuliko hiyo katika mbio za kuteremka za Kombe la Dunia, na walio hodari huimaliza kwa kama dakika mbili na nusu. Huko chini, kwenye mnyooko wa Hanegg, Mfaransa Johan Clarey alipimwa kasi ya kilomita 161.9 kwa saa mwaka 2013.

Shemeji alinitajia vituo kama kondakta. Baada ya kichwa cha mbwa unakuja ukingo wa Minsch, jina la Mswisi aliyeanguka hapo. Kisha Kona ya Wakanada, walianguka. Karibu na mwisho kuna Shimo la Waaustria, ambapo mwaka 1954 Waaustria walianguka mmoja baada ya mwingine. Dar tuna Kwa Azizi Ally, na sikuwahi kusikia kwamba Azizi Ally alianguka pale. Nikacheka, nikauliza kona ya mwisho inaitwaje. Shemeji hakucheka. Pale, mwaka 1991, alianguka kijana wa Austria, Gernot Reinstadler, akafariki. Tukakaa kimya mpaka mchezaji mwingine alipopita.

Alishinda Marco Odermatt, Mswisi, na kelele zile sitaki kuzieleza. Mzee mmoja alimkumbatia shemeji, akanikumbatia na mimi, akaniuliza kama kwetu wapo wanaoteleza. Nilimtajia jirani: Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, aliyeiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Pyeongchang 2018. Akaitikia kwa kichwa kwa heshima kubwa, nami nikaipokea kana kwamba Kilifi ni Marangu.

Jioni, hatua chache kabla ya kituo cha Wengen, raba zikaniacha. Nilikaa chini kwa kishindo mbele ya watu wa foleni. Shemeji hakuninyanyua kwanza. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, kama mtu anayepima kiwanja.

"Basi hapa," akasema, "ni Kwa Mmarangu."