Chenso tatu za bamdogo

Julai ya Mafinga haina huruma. Asubuhi hiyo ya 2016 umande ulikuwa umeganda kwenye majani, na bamdogo alikuwa amezipanga chenso zake tatu, misumeno ya injini, uani, juu ya gunia. Miaka mingi alikuwa amepasua mbao kuzunguka msitu wa Sao Hill, sasa mgongo umekataa.

"Moja yangu, moja yako. Ya tatu tunauza, mdogo wako alipe ada. Haya, vuta kamba."

Nilianza na Stihl 070. Injini yake ni cc 105.7, na uzito unapita kilo 10 hata kabla hujafunga upanga, ule ubapa unaobeba mnyororo, na mnyororo wenyewe. Kamba niliivuta mara nne ndipo ikakohoa. Lakini ikishachanganya, gogo la mlingoti (mkaratusi) lenye unene wa pipa inalipasua urefu wote bila kuhema. Tatizo ni mtu aliyeishika: ukimaliza, hata kikombe cha chai kinakutetemekea mkononi. Na ile ya bamdogo haikuwa na breki ya mnyororo. Kovu analo pajani.

Husqvarna 372 iliwaka mara ya pili. Kilo 6 na kidogo, sauti nyembamba, ya kuangushia miti na kupogoa matawi siku nzima. Nikaipenda palepale, nikajikausha.

Ya tatu jina lake tuliache. Aliinunua kwa bei ya kutupa, na ndiyo pekee iliyoitika mvuto wa kwanza! Nikamtazama bamdogo. Akacheka: "Usidanganywe na salamu." Tukakata paina mbili tu, ikapata moto, ikazima, na mafuta yakaanza kuchuruzika chini ya tangi.

Nilijua atauza hiyo. Hapana.

"Hii nani atainunua kwa pesa ya ada?" Akaisogeza kwa mguu upande wake. "Itanitosha kwa kuni. Wewe chukua ya chungwa. Wapasuaji wanaitafuta 070."

Mnunuzi alikuja Jumamosi na bodaboda. Bamdogo alifuta vumbi la mbao kwenye mapezi ya injini kwa kidole gumba, pezi moja baada ya jingine, huku mwenzake anahesabu noti. Chenso ilishafungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki, yeye bado kashika usukani.

"Ukikosa oili ya Stihl wenyewe, changanya kopo moja la oili nyingine ya tu-stroku kwa makopo 25 ya petroli. Siyo 50, unanisikia? Na kwenye mnyororo usiniwekee oili chafu."

"Sawa, mzee."

"Tupa ya kunolea umechukua?"

Hakuwa ameichukua. Bamdogo akaingia ndani kuitafuta, akakawia.