Siku ya bolti saba ufukweni Matema

Saa 11 alfajiri niliamshwa na upepo. Huku Ziwa Nyasa, kuanzia Mei hadi Agosti, mwera huvuma kutoka kusini bila huruma, na mashua yangu ilikuwa imesimama mchangani juu ya gadi sita, nguzo za kuiegemeza. Nilitoka na tochi nikaigonga kila gadi kwa ngumi. Zote zilikuwa zimekaza. Milima ya Livingstone ilikuwa bado ukuta mweusi.

Mashua yenyewe ni ya matanga, ya faiba, urefu mita 7. Niliinunua Tanga ikaja hadi Kyela kwa lori. Chini ina mkuku wa chuma cha kusubu, karibu kilo 600. Hiyo ndiyo farumi yake, inayoirudisha wima upepo ukiilaza. Mkuku umeshikwa na bolti 7, zimezama kwenye chuma kwa chini, na nati zake ziko ndani, kwenye ngama, pale chini maji yanapojikusanya. Miaka miwili nilikuwa nikikausha ngama, naona nati zinang'aa, naridhika. Juzi tuliposhusha mkuku ndipo nilipojua nilikuwa nasafiri na nini.

Saa 1 asubuhi alifika mzee jirani yangu, fundi wa mitumbwi na mashua za mbao. "Ugonile, mwanangu." Nikamwamkia, nikampa bolti ya tatu, ile iliyokatikia kwenye spana. Aliigeuzageuza kimya. Juu inang'aa kama kijiko kipya. Pale mashua inapokutana na mkuku imebonyea kiunoni, ina vishimo vyeusi kama mahindi yaliyotobolewa na fukusi. Juu nilipima milimita 20, kiunoni 11. Nguvu ya bolti inafuata eneo la mkato wake, kwa hiyo hapo palibaki chini ya theluthi.

Hiki ndicho chuma wanachokiita kisichoshika kutu. Kinajilinda kwa utando mwembamba sana unaohitaji oksijeni ili ujirudishie. Kwenye ufa wenye maji yaliyotuama oksijeni huisha, na chumvi ya baharini ikibaki humo, utando unavunjika na chuma kinaliwa kimyakimya. Ziwa letu ni la maji baridi, lakini chumvi ilikuja nayo toka Tanga.

Saa 2 hadi saa 7 ilikuwa kazi ya vipande vilivyobaki ndani ya mkuku. Vilikuwa vimelowekwa mafuta ya kulegeza kutu siku mbili. Vinne vilitoka kwa nati mbili zilizobanwa pamoja. Viwili kijana wa kuchomelea alivibandikia nati kwa moto, na joto lenyewe likavilegeza. Unasogeza robo mzunguko mbele, unarudisha, unatia mafuta, unasogeza tena. Ukilazimisha, umekata. Ile ya tatu ilikuwa imekatikia ndani kabisa, ikabidi kutoboa katikati kwa drili, tundu dogo kwanza, halafu kubwa zaidi, mpaka ukabaki utepe mwembamba nikauvuta kwa koleo. Saa mbili nzima kwa bolti moja. Sijutii hata dakika.

Tulikula mbalaga, yaani ndizi, na samaki mbasa wa kuchoma, haraka.

Bolti mpya zilikuja na basi kutoka Mbeya, zimekerezwa Mwanjelwa. Fundi aliyezikereza alinishauri nichukue tena zile zinazong'aa. Nikachagua chuma cha kawaida cha shafti. Kwenye maji baridi kitashika kutu polepole, na kutu yake itachora michirizi ya kahawia ambayo nitaiona. Nataka chuma kinachosema kinapougua.

Saa 9 tuliinua mkuku kwa jeki mbili za lori, kwanza bila gundi, kuhakikisha kila bolti inapita tundu lake bila kusukumwa. Tukaushusha, tukapaka gundi ya polyurethani, tukainua tena. Gundi ilipotoka pande zote kama uji unaofurika sufuria, nikajua hakuna pengo. Chini ya kila nati niliweka bamba la chuma la unene wa milimita 10, ili mzigo usambae usiitoboe faiba.

Spana yenye kipimo cha nguvu ya kukaza sina. Niliazima mizani ya ndoano wanayopimia kakao, nikaifunga kwenye bomba, mita moja kutoka kwenye nati. Kuvuta kilo 20 hapo ni karibu niutoni-mita 200. Leo tumeishia kilo 8 tu, tukianzia katikati kwenda omo na tezi, mbele na nyuma. Wiki ijayo gundi ikishakauka ndipo tutavuta zote 20.

Wakati tunavuta nilimweleza mzee habari za Cheeki Rafiki, mashua ya Uingereza iliyong'oka mkuku katikati ya Atlantiki, Mei 2014, ikirudi kutoka Antigua. Mabaharia wanne walipotea. Alisimamisha mkono, akauliza, "Na jina la Kiswahili?" Nikamwambia rafiki ndiyo, ni letu. Akainamisha kichwa, akarudi kwenye nati, akasoma mizani upya kabla ya kuniruhusu niendelee.

Saa 12 jioni nilipaka mstari mwekundu kutoka kila nati hadi kwenye bamba lake. Nati ikijizungusha, mstari utavunjika nitauona. Mzee aliomba ile bolti ya tatu akawaonyeshe vijana wake. Aliondoka nayo mfukoni, nikafunika ngama kwa turubai.